Mpira wa dripu na mwali wa kijani

Nikienda kukagua kichomea taka cha hospitali, wenyeji hunipeleka moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Mimi huomba kwanza nione ndoo za taka.

Jaribu hili, nje, upepo ukiwa mgongoni. Choma waya wa shaba kwenye jiko la gesi mpaka mwali ubaki bila rangi. Ungali moto, gusisha kipande cha mpira wa dripu, urudishe motoni. Mwali unageuka kijani. Hiyo ni klorini. Chupa ya dripu yenyewe mara nyingi haitoi kijani, maana nyingi ni polietilini. Mpira wake, mfuko wa damu na mfuko wa mkojo, hapo ndipo ilipo PVC, plastiki yenye klorini.

Klorini ikichomwa vibaya huzaa dayoksini, sumu inayodumu miaka katika mafuta ya mwili. Ulaya, moshi wa taka hatarishi zenye klorini inayozidi asilimia 1 hutakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 1,100 kwa angalau sekunde 2. Lakini moto mkali haumalizi kazi. Moshi ukipoa taratibu kati ya nyuzi 450 na 200, vumbi la majivu lenye shaba linaiunda dayoksini upya. Mitambo mikubwa huupoza moshi ghafla kwa maji, kisha huuchuja kwa chokaa na unga wa mkaa. Vichomea vyetu vya matofali havina hayo, kwa hiyo kinga kubwa iko kwa anayetia taka.

Kituo kimoja pembezoni mwa jiji (sikitaji) nilifika jua likizama. Mzee wa kichomea alikuwa anatupia mfuko wa kwanza, moto wenyewe ndio kwanza unashika.

"Shikamoo mzee. Mbona hujasubiri kipate joto?"

"Marahaba mwanangu. Dizeli yenyewe hii hapa," akatikisa dumu. "Nikisubiri, itaisha sijachoma kitu."

Na kwa nini usiku? Mchana upepo wa ziwani hupanda na moshi hadi madirishani kwa watu. Usiku upepo hugeuka, ukaupeleka moshi ziwani. Majirani walinyamaza. Sangara, mwenye mafuta yake yote yale, nani amsemee?

Hatukununua mtambo. Tulianza kukusanya taka na kuchoma mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, dizeli ile ile ikatosha kupasha chemba zote mbili, ya taka na ya moshi, kabla ya mfuko wa kwanza. Maboksi makavu hutangulia, taka mbichi hufuata kidogo kidogo. Vitu vya PVC vikapata ndoo yake, vinakwenda kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) halafu shimoni. Tukakataza kumwagia jiki taka za kuchomwa, kwani ni kuongeza klorini ileile tunayoikimbia. Vipimajoto vya zebaki vilivyovunjika navyo marufuku: zebaki haiungui, huchemka kwenye nyuzi 357 na kutokea bombani.

Wauguzi ndio waliosumbua zaidi, na siwalaumu. Saa nane usiku, wodi imejaa, nani atakumbuka kukata mpira atie ndoo yake?

Mara ya mwisho nilipopita, moshi ulikuwa haba na mzee alinionyesha kipimajoto kipya cha chemba ya pili. Kilisoma sifuri. Panya walikuwa wameshatafuna waya.