Betri ya pikipiki: pima kwanza ndo ununue

"Fundi betri imekufa, nifungie mpya." Dereva boda akija na maneno hayo mimi simuuzii kitu mpaka nimepima, na najua wengine wanachukia maana abiria anasubiri na hesabu ya bosi jioni iko palepale. Lakini betri nyingi zinazoletwa kwangu kama zimekufa ama hazijafa kabisa, zimeisha chaji tu, ama zimeuliwa na kitu ambacho bado kipo kwenye pikipiki na kitaiua na hiyo mpya. Niko Dar, kazi yangu ni umeme wa pikipiki, hizi Boxer, TVS, Honda na za Kichina ambazo mji mzima unazipanda, na ninachotaka leo ukielewe ni hicho tu, kwamba betri mpya haitibu pikipiki isiyochaji.

Kitu cha kwanza tafuta mita. Siyo taa ya testa, ile inakwambia moto upo au haupo basi, haikwambii upo kiasi gani, na kwenye betri kinachoamua ni hicho kiasi. Mita za kawaida za kidijitali zinauzwa bei ndogo kuliko betri yenyewe na inakaa miaka. Weka kwenye volti za DC, upande wa 20, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi.

Betri ya volti 12 ndani ina vyumba 6, kila kimoja kinatoa kama volti 2.1, ndo maana betri iliyojaa vizuri na ikapumzika masaa kadhaa inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.4 imepungua kama robo, 12.2 iko nusu, 12.0 kushuka hapo tayari imekaribia kuisha. Sasa ukiona imegoma kwenye 10.5 hivi, unaichaji usiku kucha asubuhi imerudi palepale, hapo mara nyingi chumba kimoja kimekufa, na hiyo haina dawa, usidanganywe na mtu kwamba ataifufua kwa kuongeza asidi.

Usipime pikipiki ikiwa imetoka tu barabarani, volti zitakuwa za juu juu tu za kukudanganya. Iache ipumzike, kama huna muda washa vitu vinavyotumia betri dakika moja mbili kisha zima ndo upime.

Halafu kuna kipimo ambacho mafundi wengi wanaruka na mimi naona ndo chenye ukweli wote. Acha mita kwenye betri, bonyeza selfu, yani kitufe cha kuwashia kwa umeme, huku unaangalia namba. Betri nzima itashuka lakini itabaki juu ya volti 10 hivi, ikiwa chini ya 9.5 wakati injini inazungushwa hiyo haina nguvu hata kama ulipoipima imelala ilikuwa 12.6. Nimeona watu wanabishana dukani "mbona inasoma kumi na mbili nukta sita", ndiyo inasoma, lakini sahani za ndani zimeshachoka, volti zipo ila amp, yani wingi wa umeme unaotoka, hakuna.

Na kabla ya mita masikio yako yanaweza kukusaidia. Ukibonyeza selfu ukasikia tak tak tak tak za haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, rilei, ile swichi inayopeleka moto kwenye stata, inajaribu kushika inashindwa, betri iko chini au vichwa vyake vimelegea. Ukisikia tak moja nzito halafu kimya, taa hazififii, angalia rilei yenyewe au mkaa wa stata, ile mota inayozungusha injini, betri haina kosa. Na kama hakuna sauti yoyote nenda kwenye fyuzi, kitufe cha selfu, swichi ya klachi na ya nyutro, kuna watu wamenunua betri kwa sababu ya swichi ya klachi iliyoingia vumbi, inauma sana.

Sasa tuje kwenye chaji, hapa ndo pana kesi nyingi. Washa pikipiki, mita ikiwa kwenye betri, soma ikiwa inaunguruma taratibu halafu vuta mafuta mpaka resi ya kati. Namba inatakiwa ipande ifike 13.5 mpaka 14.5 na isimame hapo. Ikibaki 12.3 ileile uliyoanza nayo haichaji. Ikipanda 15, 16 na inaendelea kadiri unavyovuta mafuta, rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini kuwa DC na kuzuia usizidi, imeshindwa kuzuia, inachemsha betri, utaona maji yanaisha kila wiki, betri ya kujifunga, ile isiyofunguliwa kuongezwa maji, inavimba tumbo, balbu zinaungua ovyo.

Ngoja nieleze moja niliyoishika kwa mikono. Pikipiki ya mkataba, kijana ameshabadilisha betri mara mbili na aliyemfungia kila mara anamwambia betri za siku hizi feki. Nikapima, imelala 12.2, inaunguruma 12.2, nimepiga resi 12.2. Nikatoa siti na kava la pembeni, nikafuata nyaya kutoka kwenye rektifaya mpaka kwenye soketi yake, plastiki nyeupe imegeuka kahawia, kuichomoa ikagoma maana imeyeyukia ndani, pini moja nyeusi kabisa. Kilichotokea ni kwamba pini ililegea, pakalegea pakapata joto, joto likazidi kulegeza, mpaka umeme wa koili, ile inayozalisha umeme ndani ya injini, ukawa haufiki kwenye rektifaya. Nikakata ile soketi, nikapima koili kwa volti za AC zinapanda vizuri na resi, nikaunga nyaya kwa risasi moja moja na kuzivalisha mpira wa joto, rektifaya ilikuwa nzima. Kuwasha, 14.1. Betri yake ileile nikaichaji taratibu ikarudi. Yani zile hela za betri mbili zilipotea kwa sababu ya pini.

Kwa hiyo ikigoma kuchaji fuata njia: betri, fyuzi, soketi ya rektifaya, rektifaya, soketi ya koili, koili. Koili unaipima kwenye AC injini ikiwaka, soketi imechomolewa, volti lazima zipande unapovuta mafuta. Kama ina nyaya tatu za rangi moja pima mbili mbili kwa zamu, zote ziwe karibu sawa, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusana na bodi. Ila angalia usije ukahukumu vibaya, pikipiki ndogo nyingi koili zake upande mmoja umefungwa kwenye bodi tangu kiwandani, hizo ukipima na bodi lazima zigusane, ni kawaida yake.

Ethi, yani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, nayo isisahaulike. Weka waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwekundu kwenye bodi ya injini penye chuma kitupu, bonyeza selfu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi una kutu au umelegea, fungua, piga msasa, kaza. Huku pwani na hii hewa ya chumvi hilo ni kila siku.

Kuna pikipiki inachaji vizuri, betri nzima, lakini ukiilaza siku mbili tatu asubuhi selfu hakuna. Hapo kuna kitu kinakula moto usiku, na siku hizi ni vingi, alamu, jipiesi ya bosi, redio, chaja ya simu, taa za urembo. Zima swichi, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye amp, ule mwekundu uhamishie tundu la 10A, halafu iunganishe katikati ya waya wa hasi na kichwa cha hasi. Usibonyeze selfu hapo maana utaunguza fyuzi ya mita. Miliamp chache si tatizo. Lakini 50 kwa mfano, zidisha kwa masaa 24 unapata amp-saa 1.2 kwa siku, na betri ya amp-saa 5 inaisha ndani ya siku nne na kidogo. Chomoa kimoja kimoja mpaka namba ishuke, umempata. Chaja ya simu ifungwe kwenye moto unaokatika na swichi, na iwe na fyuzi yake. Na zile taa za nyongeza, za wati 36 kwa mfano zinavuta amp 3, ukikaa kijiweni umezima injini umeziwasha ili uonekane, saa moja na kitu betri ndogo imekwisha.

Haya, umepima yote na betri kweli imekufa. Dukani angalia volti, amp-saa (ukubwa wa chaji inayobeba), vipimo vya boksi na chanya iko upande gani, kuna betri zinafanana kila kitu ila vichwa vimegeuzwa, waya haufiki. Ikiwa ya kujifunga omba uipime kabla hujalipa, ikisoma chini ya 12.4 imekaa sana rafuni, mwambie akupe nyingine.

Ile ya kumwaga asidi mwenyewe ndo inaharibiwa sana siku ya kwanza. Ina kifuniko kidogo cha mpira kwenye mdomo wa kupumulia, mara nyingi chekundu, KITOE na uvalishe ule mpira mrefu wa kushusha hewa chini. Ukikiacha, gesi haina pa kutokea na betri inaweza kupasuka. Asidi jaza mpaka mstari wa juu, iache nusu saa inywe, ikishuka ongeza mpaka mstari, halafu ichaji. Wengi wanajaza na kuifunga hapohapo kwa sababu selfu inapiga, lakini betri hiyo haitafikia uwezo wake kamili.

Kuchaji ni moja ya kumi ya amp-saa zake, yani betri ya amp-saa 5 ni nusu amp, masaa mengi, taratibu. Hapa nawaomba sana, usimwachie tu fundi chaji wa mtaani bila kuangalia. Ukikuta anaiunga mlolongo mmoja na betri za gari, umeme unaopita kwenye ile ya lori ndo huohuo unapita kwenye yako ndogo, amp 5 au 7, inachemka, sahani zinapinda, unaichukua ya moto umeambiwa imejaa.

Kufungua, zima swichi, anza na HASI. Spana yako namba 10 ikigusa fremu ukiwa kwenye hasi hakuna kitu, lakini ukianza na chanya huku hasi imefungwa spana ikagusa chuma ni cheche na pengine spana inaungua. Kufunga ni kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukizigeuza chanya na hasi kwa bahati nzuri fyuzi inakata, kwa bahati mbaya rektifaya imekwenda. Hii tabia ya kuweka waya wa shaba badala ya fyuzi acheni jamani, fyuzi ya 10 au 15 bei yake haifikii hata chai na maandazi.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa osha na maji ya moto yenye magadi, magadi yanaua asidi, utaona inatoa povu, povu likiisha suuza, kausha, ukishakaza nati paka grisi au mafuta ya mgando. Hakikisha maji ya magadi hayaingii ndani ya betri. Mpira wa kupumulia upitishe mbali na cheni na bomba la moshi.

Baada ya hapo betri yenye vifuniko kagua maji kila mwezi, na jua hili la Dar linayakausha mapema. Yanayoongezwa ni maji ya betri yaliyotoneshwa, si asidi. Asidi haiishi kwa joto, kinachoisha ni maji. Ya kisima yana chumvi, na hata ya chupa ya kunywa yana madini, yote yanaua sahani. Usivute sigara juu ya betri inayochaji, gesi ile inalipuka, na asidi ikikuingia jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika kumi na tano au zaidi halafu hospitali, usisubiri uone.

Swali naulizwa sana, "si nipige kiki tu niachane na betri?" Pikipiki ambazo sidiai (CDI, kile kiboksi kinachorusha moto wa plagi) yake inakula umeme wa koili moja kwa moja zitawaka, lakini bila betri volti zinaruka ruka, balbu na rektifaya zinaumia. Zenye sidiai ya DC au injeksheni usijisumbue.

Betri iliyokufa usiitupe jalalani na usimruhusu mtu aivunje uani apate risasi, ile metali ya sahani za ndani, ya kuyeyusha. Pale Owino Uhuru, Mombasa, watu waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu walipata sumu ya risasi, wakubwa kwa watoto, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania mpaka akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na 2020 mahakama ya mazingira ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi ikiingia kwa mtoto inaharibu ubongo. Irudishe nzima na asidi yake ndani, uliza duka ulilonunua kama linapokea za zamani, kama halipokei tafuta mnunuzi anayezibeba bila kuzimwaga, na mpaka umpate iweke wima mahali ambapo watoto hawafiki.