Maswali na majibu: mbu wa dengi na mayai unayoyaacha pipani

Swali: Dengi ni nini?
Jibu: Ni homa ya virusi inayoenezwa hasa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe. Huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikukingi.

Swali: Nimemwaga maji yote ya pipa. Inatosha?
Jibu: Haitoshi. Mbu huyu hutaga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, palipo na unyevu. Yai ni jeusi, halifiki milimita 1, limenata kama chembe ya masizi. Maji yakimwagwa lenyewe linabaki. Hukaa kavu miezi kadhaa bila kufa, na siku ukijaza pipa tena, linaanguliwa. Kukiwa na joto, siku 7 hadi 10 mbu wanaruka.

Swali: Mbona pipa langu lina viluwiluwi na la jirani halina?
Jibu: Jike huchagua. Kwa macho hufuata chombo cheusi kilicho kivulini. Kwa pua hufuata maji yaliyoozewa na majani, maana vijidudu vya humo ndivyo chakula cha wanawe. Akitua, huonja. Tena huwapima waliomtangulia: akikuta viluwiluwi wachache hutaga, wakiwa wamesongamana na hawana chakula huenda kwingine. Na mayai yake, ambayo kwa mkupuo mmoja hukaribia 100, huyagawa kwenye vyombo kadhaa. Ukiosha pipa ukaacha tairi na kisahani cha chungu cha maua, umejichosha bure.

Swali: Nikimwaga kisha nikalianika juani?
Jibu: Hapana. Tunarudia kwa sababu hili halisikiki: SUGUA. Kila wiki mwaga maji kwenye udongo mkavu, sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu na sabuni, ukikazia pale ulipokuwa ukingo wa maji, suuza, kisha funika pasibaki upenyo. Kifuniko kilichowekwa upandeupande kinamtengenezea mbu kivuli tu.

Swali: Homa ikianza, ninywe diklofenaki?
Jibu: Usithubutu, wala ibuprofeni, wala aspirini, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Kunywa parasetamoli kwa kipimo chake na maji mengi, ukapimwe. Homa ikishuka kati ya siku ya 3 na ya 7, huku tumbo linauma sana, unatapika mfululizo au fizi zinatoa damu, hujapona. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho.