Je, waweza kujibu kesi ya deni kabla hujakabidhiwa wito?

Marekani kuna mawakili ambao hupekua kesi mpya za madeni mahakamani, kisha huwaandikia wadaiwa kujitangazia huduma. Barua zao mara nyingine humfikia mtu kabla mpeleka wito hajabisha hodi. Kwa hiyo kuna watu wanaojua kwamba wameshtakiwa kwa sababu tu wakili wasiyemjua anawataka wawe wateja wake. Je, wajibu sasa au wangoje?

Wengi watasema wangoje, kwa imani kwamba pasipo wito hapana kesi. Wapo hata wanaojifungia ndani wakitarajia madai yafe yenyewe. Imani hiyo haina mguu. Katika mahakama za shirikisho (za serikali kuu ya Marekani), na za jimbo la New York pia, kesi huanza siku hati ya madai inapoingizwa mahakamani. Mpeleka wito asipokukuta, aweza kumwachia hati mtu mzima unayeishi naye. Na hata muda wa kukabidhi ukiisha (siku 90 shirikisho, 120 New York), mdai anaweza kuongezewa muda; kesi ikifutwa, kwa kawaida anaruhusiwa kuifungua upya, mradi ukomo wa madai, yaani muda ambao sheria inaruhusu kushtaki, haujapita.

Kinachoanzishwa na wito ni hesabu ya siku za kujibu. Mwaka 1996 kampuni moja ya Kanada ilishtaki kampuni ya Marekani katika jimbo la Alabama, ikamtumia mshtakiwa nakala kwa faksi kabla ya kumkabidhi rasmi. Ubishi wa kama faksi ile ilianzisha hesabu ya siku 30 za kuhamishia kesi mahakama ya shirikisho ulipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1999 ilijibu kwamba haikuanzisha. Miaka mitatu kwa ajili ya faksi!

Basi kujibu mapema kunaruhusiwa. Ila kuna gharama yake. Aliyeingia shereheni bila kadi, akaketi, akala pilau, hawezi tena kuwanunia wenye shughuli kwamba hakualikwa. Akitaka kulalamika, alalamike mlangoni. Mahakama nayo humwona hivyo mdaiwa: akijibu madai bila kutaja kasoro ya wito, huhesabika amefika, na pingamizi hilo limekwenda. New York imekaza zaidi. Hata ukilitaja katika majibu, una siku 60 tangu kumpelekea mdai majibu hayo za kuiomba mahakama ifute kesi kwa kasoro hiyo, la sivyo umelipoteza.

Kwa nini basi mtu aiache haki hiyo? Kwa sababu pingamizi la wito haligusi deni lenyewe, na kwa sababu kuna wapeleka wito waliozitupa hati, kisha wakala kiapo kwamba wamezikabidhi. New York mchezo huo una jina lake, “wito wa mtaroni”. Mdaiwa asiyejua lolote hutolewa hukumu ya upande mmoja, akagundua akaunti yake ya benki ikiwa imezuiwa. Kumbe huenda alikuwa na utetezi mzito: deni si lake, au ukomo umepita, ambao New York tangu 2022 ni miaka mitatu kwa mikopo ya watumiaji. Hoja ya ukomo hakimu kwa kawaida haiibui mwenyewe; asipoitaja mdaiwa katika majibu yake, yaweza kupotea.

Sheria hubadilika jimbo hadi jimbo. Minnesota ndiyo kioja: huko kesi kwa kawaida huanza kwa kukabidhiwa hati, hata kama mahakama haijaisikia, na mdai ana mwaka mzima wa kuisajili. Mdaiwa wa huko akienda kuuliza kwa karani aweza kuambiwa hakuna kesi, ilhali siku zake za kujibu zinahesabika. Kwingine, karani akishaiona namba ya kesi kwenye rejesta, majibu yanaweza kupokelewa hata wito haujafika, na nakala ipelekwe kwa wakili wa mdai.