Mgeuzo wa kodi ni nini, na unamsaidiaje anayeanza kupiga kinanda

Kodi katika muziki ni noti tatu au zaidi zinazosikika kwa pamoja, na mgeuzo wa kodi ni mpangilio wa noti hizo hizo ambamo noti ya msingi, yaani ile inayoipa kodi jina lake, haiko chini kabisa. Kodi ya C ina noti C, E na G. C ikiwa chini, kodi iko katika hali yake ya msingi. C ikihamishiwa juu tunapata E, G, C, ambao ni mgeuzo wa kwanza. E nayo ikihamishiwa juu tunapata G, C, E, ambao ni mgeuzo wa pili. Hakuna noti iliyoongezwa wala iliyoondolewa, na ndiyo sababu jina la kodi halibadiliki. Wazo kwamba mipangilio hii mitatu ni kodi moja lilielezwa kwa kina na mtungaji Mfaransa Jean-Philippe Rameau katika maandishi yake ya nadharia ya mwaka 1722, na ufundishaji wa harmonia umeliegemea tangu wakati huo.

Hapa Kisumu, na katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, wengi hujifunzia kinanda kanisani. Mwanafunzi huonyeshwa kodi za C, F na G, zote katika hali ya msingi, na baada ya muda mfupi anaweza kuisindikiza pambio bila kupotea. Kinachomtambulisha kuwa mgeni wa chombo ni jinsi mkono wake unavyorukaruka: kila kodi inapobadilika, mkono mzima unainuka, unatua mahali pengine, na macho yanaufuata. Sauti nayo hukatika kati ya kodi moja na nyingine. Tatizo hilo halitokani na ugumu wa vidole, na mazoezi ya kasi hayaliondoi, kwa sababu safari yenyewe ni ndefu kuliko inavyohitajika.

Hesabu kidogo italidhihirisha jambo hili. Tuchukue mfuatano wa C, F, G na kurudi C, ambao ndio uti wa mgongo wa mapambio mengi na wa nyimbo nyingi za benga vilevile. Mkono wa kulia ukipiga kila kodi katika hali ya msingi, basi kutoka C, E, G hadi F, A, C kila noti inapanda nusu toni 5 (nusu toni ni hatua ya kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, kiwe cheupe au cheusi). Kutoka hapo hadi G, B, D kila noti inapanda nusu toni 2. Na katika kurudi nyumbani kila noti inashuka nusu toni 7. Ukijumlisha mwendo wa noti zote tatu unapata nusu toni 42. Sasa tupange upya: C, E, G; kisha C, F, A; kisha B, D, G; kisha C, E, G. Katika hatua ya kwanza C haisogei kabisa, E inapanda nusu toni 1 hadi F, na G inapanda nusu toni 2 hadi A. Katika hatua ya mwisho G haisogei, B inapanda nusu toni 1 na D inapanda nusu toni 2. Jumla ya mwendo wote ni nusu toni 12, na mkono haujawahi kuondoka mahali pake.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba hatua ya katikati, ya kutoka F hadi G, haikupungua: ni nusu toni 6 kwa njia zote mbili. Faida yake iko kwingine. Katika hali ya msingi noti zote tatu za mkono wa kulia hupanda sambamba na besi, yaani noti ya chini inayopigwa kwa mkono wa kushoto au kwa gitaa la besi, na sikio husikia kitu kimoja kizima kikisukumwa kwenda juu. Katika mpangilio wa migeuzo, besi hupanda kutoka F hadi G huku mkono wa kulia ukishuka, na kupishana huko ndiko kunakozifanya sehemu mbili zisikike kama sauti zinazojitegemea.

Waliopitia kwaya wanalijua jambo hili kabla hawajagusa kinanda. Kwaya nyingi za kwetu bado husoma nyimbo kwa solfa, mfumo wa do, re, mi ulioenezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa Afrika na wamisionari. Andika mfuatano ule ule kwa solfa, C ikiwa do, na uusome mstari kwa mstari badala ya kodi kwa kodi. Sauti ya juu inaimba so, la, so, so. Sauti ya kati inaimba mi, fa, re, mi. Sauti ya chini ya mkono wa kulia inaimba do, do, ti, do. Besi peke yake ndiyo inayoruka: do, fa, so, do. Hakuna mwalimu wa kwaya ambaye angewapa waimbaji wa alto mstari unaoruka juu na chini kila kodi inapobadilika, kwa kuwa wangelalamika, na wangekuwa na haki. Anawapa noti iliyo karibu zaidi, au anawaacha pale pale walipo. Kugeuza kodi kwenye kinanda ni kuvitendea vidole vitatu kama waimbaji watatu, kila kimoja kikiwa na mstari wake unaoimbika. Kwa hiyo zoezi ambalo ningelipendekeza kabla ya mengine yote ni kupiga kodi hizo nne polepole huku ukiimba mstari wa kati peke yake, yaani mi, fa, re, mi, mpaka sikio liweze kuutenga na mingine.

Vidole vyenyewe havina mambo mengi. Tukikihesabu kidole gumba kuwa 1 na kidole cha mwisho kuwa 5, mkono wa kulia hupiga C, E, G kwa vidole 1, 3, 5; hupiga C, F, A kwa vidole hivyo hivyo; na hupiga B, D, G kwa 1, 2, 5. Kidole gumba kinakaa pale pale katika hatua ya kwanza, na kidole cha 5 kinairudia G ile ile katika hatua ya mwisho. Noti inayobaki inaweza kushikiliwa bila kuachiwa wakati nyingine zinasogea, na kushikilia huko ndiko kunakoondoa mkatiko wa sauti niliotaja, hata kwenye kinanda kisicho na pedali.

Swali linalofuata kwa kawaida ni jinsi ya kuitambua kodi iliyogeuzwa unapoiona chini ya mkono wako. Ipo njia ya macho isiyohitaji kukariri. Kodi ya noti tatu ikiwa katika hali ya msingi, nafasi kati ya noti zake zinakaribiana: katika C, E, G kuna nusu toni 4 halafu 3. Ikigeuzwa, nafasi moja hupanuka na kuwa nusu toni 5. Noti iliyo juu ya nafasi hiyo pana ndiyo noti ya msingi. Katika E, G, C nafasi pana iko kati ya G na C, kwa hiyo kodi ni ya C. Katika C, F, A iko kati ya C na F, kwa hiyo kodi ni ya F. Kanuni hii inafanya kazi kwa kodi meja (kama C, E, G) na kwa kodi maina (kama A, C, E) pia.

Mpaka hapa tumeuzungumzia mkono wa kulia tu, na hapa ndipo penye utata unaowasumbua wengi. Kwa maana kamili ya nadharia, mgeuzo huamuliwa na noti ya chini kabisa inayosikika katika muziki mzima, wala si noti ya chini ya mkono wa kulia. Ukipiga C, F, A kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukipiga F chini yake, msikilizaji anasikia kodi ya F katika hali ya msingi, imara kabisa. Umbo la mkono limegeuzwa. Kodi yenyewe haijageuzwa. Kwa hiyo neno hili moja hufanya kazi mbili. Kwanza linataja umbo la mkono, ambalo kazi yake ni kufupisha safari. Pili linataja uhusiano wa kodi na besi, ambao hubadilisha ladha ya kodi na uzito wake. Anayeanza anahitaji la kwanza kwa haraka sana, na la pili linaweza kusubiri, lakini asidhani kwamba ni jambo lile lile.

Katika bendi ya kanisa anayeishika besi huwa si mpiga kinanda hata kidogo, bali ni mpiga gitaa la besi, na kwa vijana waliokulia katika benga la huku kwetu gitaa hilo halikubali kukaa kwenye noti moja. Ukipiga B chini kwa mkono wa kushoto kwa nia ya kuleta mgeuzo wa kwanza wa G, naye akapiga G yake chini zaidi, mgeuzo wako umefutwa, na kilichobaki ni uzito usio na faida kule chini. Ni afadhali kupatana naye kabla ya ibada, au kuuacha mkono wa kushoto upumzike. Vinanda vyenye midundo ya kujiendesha vina tabia inayofanana na hiyo: katika mpangilio wao wa kawaida, upande wa kushoto huitambua kodi kwa vyovyote uipangavyo, kisha kinanda hupiga besi ya noti ya msingi, isipokuwa ukikiweka katika hali ya kufuata noti ya chini uliyoibonyeza.

Ukiwa peke yako kwenye kinanda, au mkiwa mmepatana, besi iliyogeuzwa ni kitu kizuri sana. Waandishi wa nyimbo huionyesha kwa mkwaju: C/E ni kodi ya C yenye E kwenye besi, na G/B ni kodi ya G yenye B kwenye besi. Mfuatano wa C, G/B, A maina huifanya besi ishuke do, ti, la, hatua kwa hatua, mahali ambapo bila mgeuzo ingelazimika kuruka hadi so na kurudi la. C, C/E, F huipandisha do, mi, fa, na fa inapofika inasikika kama iliyokuwa ikingojewa. Mgeuzo wa pili, C/G, ni wa kutumiwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hautulii: unataka kwenda G kisha C, na ndiyo maana unausikia mara nyingi karibu na mwisho wa ubeti wa tenzi. Kuumalizia wimbo hapo kunawaacha watu wakisubiri.

Mambo mawili ya kuangalia. Kodi zilizobanana zikipigwa chini sana husikika kama ngurumo. Kuanzia oktava moja hivi (umbali wa kutoka C hadi C inayofuata) chini ya C ya kati na kwenda kushoto zaidi, mkono wa kushoto upige noti moja, au noti na oktava yake. Tena, noti ya juu ya mkono wa kulia ndiyo inayovuta sikio, hivyo kama kinanda ndicho kinachoongoza wimbo, chagua mgeuzo unaoiweka noti ya wimbo juu, hata kama mkono utasafiri kidogo zaidi.

Kuna walimu wanaofundisha migeuzo kwa kumpandisha mwanafunzi kodi moja, C, E, G, kisha E, G, C, kisha G, C, E, na kumshusha tena. Vidole hunufaika, lakini mwanafunzi anaweza kukaa na zoezi hilo muda mrefu bila kujua lina kazi gani katika wimbo. Naona ni bora kuufundisha mgeuzo kama njia kati ya kodi mbili. Mfuatano wa C, G, A maina, F ni mfano mzuri: C, E, G; kisha B, D, G; kisha C, E, A; kisha C, F, A. Kutoka kodi ya tatu hadi ya nne ni kidole kimoja tu kinachosogea, kutoka E hadi F.

Kisha ihamishe njia ile ya kodi tatu za kwanza kwenye ufunguo mwingine, yaani do ikiwa noti nyingine, kwa maana waimbaji wetu huanzisha pambio popote sauti zao zilipo, na kitufe cha kuhamisha ufunguo, ambacho wengi hukikimbilia, hakipo kwenye piano ya kawaida. Katika ufunguo wa G njia ni G, B, D; kisha G, C, E; kisha F kali (nusu toni 1 juu ya F), A, D. Katika ufunguo wa F ni F, A, C; kisha F, B bapa (nusu toni 1 chini ya B), D; kisha E, G, C. Kidole gumba hukaa, kisha hushuka nusu toni moja, kisha hurudi, kama ilivyokuwa katika C.

Hatua ile ya F kwenda G iliyokataa kupungua inaweza kulainishwa kwa kodi ya noti nne, G7, yaani G, B, D, F, ambayo kwa kuwa na noti nne ina migeuzo mitatu. Mkono wa kulia huiacha D na kupiga B, F, G tu. Kutoka C, F, A, noti ya F inabaki, C inashuka nusu toni 1, A inashuka 2. Na katika kurudi C, B inapanda nusu toni 1, F inashuka 1, G inabaki. Mfuatano wote sasa ni nusu toni 8, na mstari wa kati umekuwa mi, fa, fa, mi.