Je, wajua kwa nini mtoto mwenye usonji hukesha?

Saa nane usiku, mtaa wa Mkomani, Lamu. Hata punda wamenyamaza. Kwa jirani yangu taa inawaka: mwanawe wa miaka saba, mwenye usonji, anayapanga makubadhi ya nyumba nzima mlangoni, yote yakielekea uani. Akimaliza, anayapangua na kuanza upya. Hana homa, halii. Usingizi tu ndio haupo. Wapo wasemao kalala mno mchana, wengine wananong'ona habari za mashetani. Mama ashachoka kujibu.

Hayuko peke yake. Nusu hadi asilimia 80 ya watoto wenye usonji husumbuliwa na usingizi, na sehemu ya sababu imo kwenye jeni, yale maelekezo ya mwili yaliyomo ndani ya chembe hai.

Kila mwili una saa yake: kifundo cha chembe hai kama 20,000 ubongoni, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana. Humo, jeni za CLOCK na BMAL1 huchochea utengenezaji wa protini za PER na CRY. Protini hizo zikijaa, hurudi kuzizuia jeni zilizozichochea. Zikichakaa, kazi huanza tena. Mzunguko huchukua takriban saa 24, na mwanga wa asubuhi huurekebisha kila siku. (Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu tangu jua kuchomoza, naona inaelewana nayo kuliko ile ya Kizungu inayoanza usiku wa manane.)

Giza likiingia, saa hiyo ya mwili huiamuru tezi ndogo ubongoni itoe melatonini, mbiu ya kuutangazia mwili kuwa usiku umefika. Kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wake hutokana na jeni ya ASMT. Mwaka 2008, watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakiongozwa na Thomas Bourgeron, waliripoti hitilafu za jeni hiyo kwa baadhi ya watu wenye usonji, pamoja na uchache wa melatonini. Kwa watu hao saa yaweza kuwa inajua kuwa ni usiku, ila mbiu haivumi.

Si wote. Wengine wana hitilafu kwenye jeni nyingine, kama SHANK3. Wengine huamshwa na tumbo, hofu, au mlio wa feni ambao wewe huusikii. Ndiyo maana hunikera mtu anapomwambia mama huyu "mnunulie tu vidonge vya melatonini". Huwafaa watoto wengi, lakini vikimezwa wakati usiofaa huweza kuisogeza saa yenyewe. Kiasi na wakati aamue daktari.

Siku hizi jirani humtoa mwanawe gatini alfajiri, jua likichomoza upande wa Manda, na baada ya isha taa kubwa ya sebuleni haiwashwi. Jana usiku makubadhi yalipangwa mara moja tu.