Mrija wa nyongo ukiziba, utumbo unaumiaje?

Baba yetu yuko Tukuyu. Macho yamegeuka njano, mkojo wake kama chai ya rangi, na anajikuna usiku kucha. Majirani wanasema nyongo imemzidi. Ni kweli?

Nyongo haijamzidi, imekosa njia. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya mililita 600 na 1,000 za nyongo kwa siku, nayo huteremka kwa mrija hadi utumbo mwembamba. Mrija huo unaweza kuzibwa na kijiwe kilichotoka kwenye mfuko wa nyongo, na uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, au hata na mnyoo mkubwa, ule unaofanana na nyungunyungu, ukipanda kutoka utumboni. Nyongo isiposhuka hurudi kwenye damu, ndipo macho yanapogeuka rangi.

Jambo moja nawaomba sana: tazameni choo chake. Rangi ya kahawia ya kinyesi hutokana na nyongo, kwa hiyo mrija ukiziba kinyesi hupauka kama udongo mfinyanzi. Wengi wetu hutumia choo cha shimo na hakuna anayeona. Mwombeni mzee, kwa heshima, ajisaidie kwenye kopo hata mara moja. Daktari atawauliza hilo.

Kama shida iko kwenye ini, utumbo unahusikaje?

Unahusika kuliko watu wanavyodhani. Nyongo haishii kulainisha mafuta yasagike. Huzuia bakteria wa utumboni wasizaliane ovyo, hunasa sumu inayotoka kwenye maganda yao, na hufanya ukuta wa ndani wa utumbo ubaki na afya. Ikikosekana, bakteria huongezeka, ukuta hunywea, na viungio vinavyoshikanisha seli hulegea. Ni kama nyumba ambayo mvua imekula udongo kati ya matofali: bado imesimama, lakini siafu wanapita. Bakteria na sumu yao hupenya hivyo hivyo hadi kwenye damu iendayo ini. Ini, ambalo kazi yake ni kuchuja, limelemewa na nyongo iliyotuama, basi sumu inapita hadi mwilini kote. Figo zilizokuwa nzima zinaweza kushindwa kazi kwa njia hiyo.

Watafiti waliofunga mirija ya nyongo ya panya waliwakuta bakteria wa utumbo wamehamia kwenye tezi za tumboni. Panya waliponyweshwa chumvi za nyongo, uhamaji ulipungua.

Tumesikia pia kwamba ugonjwa huu huleta "mkazo wa uoksidishaji". Ni nini?

Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda hugeuka kahawia, kwa sababu oksijeni imelifikia. Au fikiria mafuta ya kupikia yaliyochacha. Mwilini pia oksijeni huzaa chembe kali zinazochachisha mafuta yaliyo kwenye kuta za seli. Siku za kawaida kinga zetu, kama glutathioni na vitamini E, huzituliza. Nyongo ikituama, asidi zake huumiza mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nguvu, na chembe hizo huongezeka kuliko kinga: huo ndio mkazo wa uoksidishaji. Sumu ya bakteria nayo huzidisha. Wakati huo huo vitamini E haifyonzwi, maana inahitaji nyongo ili iingie mwilini. Moto umekua na maji ya kuuzimia yamepungua. Ukuta wa utumbo unazidi kulegea, sumu zaidi inapita, na mzunguko unaendelea.

Basi tumpe parachichi na vidonge vya vitamini?

Havitazibua mrija, na parachichi lina mafuta mengi ambayo sasa tumbo lake haliyawezi. Tiba ni kufungua njia: kwa kifaa kinachopitishwa mdomoni, kwa bomba la kutolea nyongo, au kwa upasuaji. Kabla ya hapo huenda akachomwa sindano ya vitamini K, kwa sababu nyongo isipofika utumboni vitamini hiyo haifyonzwi na damu haigandi vizuri. Dawa za kuchemsha ziacheni. Baadhi huumiza ini ambalo tayari limechoka, na wiki mnazosubiri ndizo zinazomgharimu.

Tumpeleke lini?

Wiki hii, kwenye hospitali yenye ultrasound. Wao ndio wataamua kama apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Lakini akipata homa, kutetemeka, na maumivu chini ya mbavu za kulia, ni leo hii, hata kama ni usiku. Mwezi wa Juni na Julai huku kwetu kila mtu anatetemeka, na ni rahisi kusema "ni baridi tu" au "ni malaria". Kwa mgonjwa wa manjano, kutetemeka huko huenda ni maambukizi kwenye mrija, na hayasubiri asubuhi.

Mjukuu wake ana wiki tatu, naye macho ni ya njano. Tumwanike juani?

Hapana. Manjano yakizidi wiki mbili, mtoto apimwe. Kama na choo chake ni cheupe, huenda mirija yake ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanyika kabla hajafikisha siku 60. Nendeni naye siku hiyo hiyo mnayompeleka babu yake.