Shajara ya Livingstone? Ipi?

Wiki iliyopita nimeambiwa tena kwamba shajara ya Livingstone, yule msafiri Mskoti, ni ukweli mtupu kwa kuwa aliiandika palepale. Safari hii ni kijana mtembeza watalii, mwenye adabu zake, aliyenisikiliza nusu saa nzima kisha akanimaliza kwa sentensi moja: "Lakini mzee, si aliandika mwenyewe, siku ile ile? Sasa adanganye ili iweje?" Nikameza mate. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa mapadri, kwa waandishi wa habari, na mara moja kwa profesa niliyemheshimu sana mpaka siku hiyo. Basi naandika leo, ili nikiambiwa tena nitume kiungo nikalale.

Chukua kitabu cha shajara za mwisho za David Livingstone, kile kilichochapishwa London mwaka 1874, utafute habari ya Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, kufika Ujiji. Imewekwa chini ya tarehe 24 Oktoba 1871. Humo Livingstone anasema asubuhi moja Syed bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa pale, alimwambia yuko tayari kuuza pembe zake ili ampatie bidhaa. Mistari michache mbele, asubuhi moja Susi, mtumishi wake, akaja mbio, anatweta, kwamba amemwona Mwingereza. Asubuhi moja, kisha tena asubuhi moja, ndani ya tarehe moja! Anayeandika jioni ya siku hiyo husema "leo asubuhi". Anayesema "asubuhi moja" ameketi siku nyingine kabisa, roho imeshatulia, anasimulia. Stanley mwenyewe anasema aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba. Hizo ni siku 17 za tofauti. Na ile salamu ambayo dunia nzima imeikariri, ya "Dokta Livingstone, nadhani", haimo katika simulizi ya huyo aliyesalimiwa. (Stanley ni mzaliwa wa Wales, simhesabu. Mimi kazi yangu ni shajara za Waskoti.)

Sisemi Livingstone alikuwa mwongo. Hapo ndipo watu hunikimbilia upande wa pili, "kumbe wote waongo", nami huchoka mara mbili. Ninachosema ni kwamba ukiitaja shajara, taja na tabaka lake. Kuna maandishi ya njiani. Kuna nakala safi, aliyoinakili msafiri mwenyewe baada ya wiki, miezi au miaka. Halafu kuna kitabu, ambacho mhariri amekipitisha mkasi. Zote tatu huitwa kwa jina moja, na tarehe juu ya ukurasa ni ile ile.

Mfano unaoniuma ni Nyangwe, kwenye mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, siku watu wenye bunduki walipowamiminia risasi wanawake sokoni. Livingstone alikuwa hapo. Daftari zilikuwa zimemwishia, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu, The Standard la Novemba 1869, akiligeuza upande ili mistari yake ikatize ile iliyochapwa. Wino nao ulikwisha, akautengeneza kwa zingifuri, rangi ile ile ambayo bibi zetu waliijua. Zingifuri hufifia. Kwa miaka mingi karatasi zile zilikuwa kama hazina kitu, ila chapa ya gazeti, mpaka zikapigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali na maandishi yakatolewa hadharani mwaka 2011, miaka 140 baadaye.

Kabla ya hapo tulikuwa tunasoma nini? Tulikuwa tunasoma daftari kubwa, alilonakili mwenyewe na kumkabidhi Stanley walipoagana Machi 1872, pamoja na kitabu cha 1874. Mhariri wa kitabu hicho alikuwa mchungaji Horace Waller, rafiki yake, aliyekata huku na kulainisha kule kwa sababu alikuwa na hoja ya kuijenga: biashara ya utumwa ikomeshwe. Hoja njema, mkasi ule ule.

Katika karatasi za gazeti Livingstone ni mtu mwingine. Amekasirika, anaogopa, hana uwezo na watu wake. Wapagazi aliopelekewa kutoka Unguja walikuwa watumwa wa Mabaniani. Ndiyo, mpinga utumwa alibebewa mizigo na watumwa, na hilo lenyewe lingetosha makala nzima. Juu ya watu hao karatasi zinasema kwa ukali kuliko nakala safi, kiasi kwamba watafiti waliozisoma wamedokeza kwamba huenda baadhi yao hawakuwa mikono mitupu katika fujo za siku zile. Kwenye nakala safi na kitabu, lawama inakaa mahali pamoja, kwa watu wa mfanyabiashara Dugumbe na wenzao, na msimulizi anabaki shahidi msafi.

Je, alibadili kwa aibu? Nimewahi kuliandika hilo kwa ujasiri mkubwa, na sasa ningependa kulifuta. Siku hizi naona huenda alikuwa anafanya anachofanya kila mtu anayenakili: anapanga, anaondoa kelele, anajipa sura. Mwaka ujao pengine nitakuwa na maoni ya tatu.

Wengine nawapitia haraka. Mungo Park, msafiri wa mto Niger, alificha maandishi yake ndani ya kofia. Mwaka 1796 wanyang'anyi walimvua karibu kila kitu, ila kofia wakamrudishia, na maandishi yakapona. Kisa hicho hupendwa sana, na kinatufanya tusahau kwamba kitabu chake cha 1799 kilipitia mikono ya Bryan Edwards, mtetezi wa mashamba ya watumwa ya Karibi.

James Bruce ndiye darasa lenyewe. Alirudi Uskoti mwaka 1774 kutoka Uhabeshi, na kitabu chake cha majuzuu matano kikatoka 1790. London ilimcheka kwa habari za watu kula nyama mbichi. Nyama mbichi ilikuwa kweli, muulize Mhabeshi yeyote. Penye uongo hakuna aliyecheka: Bruce alidai kwamba msaidizi wake, mchoraji Mwitaliano Luigi Balugani, alikwisha kufa kabla hawajafika chemchemi ya Naili ya Buluu, Novemba 1770. Balugani alifika chemchemini pamoja naye, akaandika kumbukumbu zake, akafa mwaka uliofuata. Bruce hakutaka kugawana chemchemi na mtu.

Wala usidhani ni ugonjwa wa Afrika. Mwandishi James Boswell alizunguka visiwa vya kwao Uskoti na Samuel Johnson, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza, mwaka 1773, akiandika shajara juu yake, na Johnson alikuwa akiisoma shajara hiyo hiyo njiani. Hebu fikiri unaandika juu ya mtu ambaye jioni atakuomba daftari! Kitabu kilitoka 1785, Johnson ameshakufa, msomi rafiki yake Boswell, Edmond Malone, amesaidia kukinyoosha. Mswada wenyewe uliibuka mwaka 1930 katika kasri la Malahide, Ireland, ndani ya sanduku la vifaa vya mchezo wa kroketi, na ndipo watu wakaona yaliyokatwa.

Na John Kirk, yule balozi wa Uingereza kule Unguja wa mkataba wa 1873 na Sayyid Barghash, wa kukomesha biashara ya watumwa? Kabla ya hapo alikuwa na Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Kitabu cha Livingstone juu ya safari ile kilitoka 1865. Kirk, katika shajara yake ya Septemba 1862, aliandika kwamba kiongozi wao amerukwa na akili. Ilichapishwa 1965, Kirk akiwa ameshazikwa miaka 43. Waskoti wawili, mto mmoja.

Sasa hivi mezani nina maandishi ya Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa na wamisionari kule Nasik, India, na ambaye mwaka 1873 alikuwa katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Aliandika kwa Kiingereza. Najua alikuwa na wasomaji wake kichwani kama Livingstone alivyokuwa na wake. Najua nimuulize maswali yale yale, tabaka kwa tabaka. Lakini jana nilinakili kurasa tatu nzima bila kuweka hata alama moja ya kuuliza pembeni, kwa sababu tu nilitaka awe mkweli. Leo narudi ukurasa wa kwanza na kalamu nyekundu.